Baiskeli tuziache wapi tukienda Soko Kuu Mtwara?

Mkazi wa Ligula
Jumamosi iliyopita nimeibiwa baiskeli nje ya soko. Niliiegemeza ukutani, nikafunga kufuli la gurudumu la nyuma, nikaingia kununua dagaa na nyanya. Robo saa haikutimia. Mama mmoja anayekaanga mihogo hapo jirani aliniambia amemwona kijana akiondoka nayo. Kashika keria, kanyanyua nyuma, gurudumu la mbele linaviringika, anatembea taratibu kama mtu aliyepata pancha anayekwenda kwa fundi. Nani atamsimamisha mtu mwenye pancha?

Naomba tulijadili hili. Mji wetu ni tambarare, mtu wa Ligula, Chikongola au Majengo anafika sokoni bila hata kutoka jasho. Lakini ukishafika huna pa kuiweka. Wiki hiyohiyo, kwenye ofisi moja hapa mjini, mlinzi alinirudisha getini eti baiskeli inachafua ukuta, na ndani magari manne yamepangwa kivulini. Mimi naomba Manispaa itenge uwanja mdogo wenye uzio, geti moja, mlinzi mmoja, na vibati viwili vyenye namba moja. Kimoja kinafungwa kwenye usukani, kingine unaondoka nacho. Huna kibati, hutoki na baiskeli. Kila mtu alipe 200. Mnasemaje?

Dereva wa Chuno
Pole sana kaka. Lakini tuseme kweli, pale sokoni hata sisi bodaboda hatutoshi, leo tunaambiwa kona hii, kesho ile. Baiskeli siku hizi ni za wauza nazi wanaovuka kutoka Msangamkuu. Mtu mwenye kazi yake anajichanga ananunua pikipiki. Eneo la katikati ya mji lisitengewe chombo ambacho watu wanakiacha.

Mvukaji
"Wauza nazi wanaovuka kutoka Msangamkuu." Nimesoma mara tatu nione kama nimeelewa vibaya. Mimi ndiye huyo. Navuka na pantoni asubuhi, nazi 60 kwenye matenga mawili, na hii ndiyo kazi yangu. Baba yangu alifanya hivihivi na tumesoma watoto wanne. Hilo tui la wali unaokula huko Chuno unadhani lilifika kwa miguu yake?

Dereva wa Chuno
Sijamtukana mtu, ndugu yangu. Nimesema hali ilivyo. Mimi mwenyewe nilianza na baiskeli, nikauza, nikaongezea, nikapata pikipiki. Kuna ubaya gani kumtakia mwenzako apande?

Mvukaji
Umesema "mtu mwenye kazi yake". Kwa hiyo mimi sina. Hilo ndilo nililolishika, wala silirudishi chini. Na hizo pikipiki tunazijua. Minada ya korosho ikianza Oktoba kila kijiji wananunua, ikifika Aprili zimeegeshwa chini ya mwembe hazina mafuta, mwenyewe anaomba aazimwe baiskeli. Mwaka huu wameniomba wawili.

Bi Kikaango
Mimi ndiye mama wa mihogo. Kaka wa Ligula, umeniumiza. Ulivyoandika, atakayesoma ataona nilikaa nikatazama mali ya mtu inaibiwa. Mimi nilijuaje ni yako? Uliiweka hukusema neno, hukusema hata "mama nakuachia hii". Pale kwangu watu wanaegemeza baiskeli sita, saba, nami nina karai la mafuta ya moto na wateja wamenizunguka. Ungeniambia ningeitupia jicho. Wanaoniambia hawajawahi kuibiwa.

Mkazi wa Ligula
Dada yangu, niwie radhi. Sikukusudia hivyo hata kidogo, bila wewe nisingejua hata ilivyoondoka. Na maneno yako ndiyo hoja yangu yenyewe. Baiskeli inataka mtu anayejua ni ya nani.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, mimi limenishtua neno moja tu: kibati. Nyie hamkuyaona. Zamani baiskeli ilikuwa inalipiwa, unapewa kibati, ukikutwa njiani huna, unashuka na baiskeli inabaki kwao. Nimemwona marehemu baba akikata kona kuingia kwenye mikorosho na baiskeli begani kwa sababu mbele wamesimama watoza ushuru. Kodi ya maendeleo imefutwa 2003, tukashukuru. Leo kijana msomi anasimama mwenyewe anaomba kibati kirudi na 200 juu yake. Mtaanza na 200, mtafika 1,000, na siku moja mtaambiwa bila kibati usiingie mjini.

Mkazi wa Ligula
Shikamoo mwalimu. Hii siyo kodi. Anayetaka analipa, asiyetaka anaegemeza ukutani kama zamani. Kibati ninachokisema ni kama kile unachopewa ukikabidhi mzigo stendi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hilo tumejifunza kwenu.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Nasi tulianza kwa kuambiwa hivyohivyo, kwamba ni kwa faida yetu. Methali naijua, lakini uliza daftari linashikwa na nani.

Aliyesoma Mbali
Wenzetu walishayamaliza haya. Utrecht, Uholanzi, chini ya kituo cha treni wana maegesho ya baiskeli 12,500, yalikamilika 2019. Saa 24 za kwanza hulipi kitu. Unaingia ukiwa juu ya baiskeli yako, taa zinakuonyesha pa kuweka, unapanda treni unakwenda kazini. Mji ukiamua unaweza.

Dereva wa Chuno
Treni ipi hapa? Sisi tuna Kata ya Reli bila reli.

Mwalimu Mstaafu
Reli ilikuwepo! Tuisemee na historia. Waingereza waliijenga kwa ajili ya karanga za Nachingwea. Mradi ulianza 1947, ukafa 1951, bandari na reli vikabaki, halafu reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Ingekuwepo leo, korosho zisingeharibu barabara kwa malori.

Mvukaji
Mwalimu, na heshima zote, tunazungumza baiskeli. Kesho saa 2 asubuhi nashuka pantoni na sina pa kuiacha.

Fundi Geti
Tangu jana nasubiri mtu aguse chuma. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nisikilizeni kidogo.

Kufuli la gurudumu la nyuma linazuia gurudumu lisizunguke, basi. Halizuii baiskeli kubebwa, ndiyo maana kaka ameibiwa akiwa amefunga. Zile fremu za chuma zinazobana gurudumu la mbele nazo mtu asiwadanganye. Mwizi anafungua nati mbili, anakuachia gurudumu, anaondoka na baiskeli. Na ukiwa na mzigo nyuma, baiskeli ikilala kidogo tu spoku zinapinda.

Kinachofaa ni bomba la inchi mbili lililokunjwa kama U iliyogeuzwa juu chini, miguu yote miwili ndani ya zege. Waingereza huliita kwa jina la mji wa Sheffield. Baiskeli inaegemea ubavu, unapitisha mnyororo kwenye fremu na gurudumu kwa pamoja, unafunga. Bomba moja linabeba baiskeli mbili, kila upande moja. Sisi tuko kando ya bahari, kwa hiyo bomba liwe la galvanaizi. La kawaida ukilipaka rangi tu, chumvi inaanza kulila pale chini linapokutana na zege, juu unaona rangi nzuri, siku moja linachomoka mkononi. Nimebadilisha mageti mengi ya Shangani kwa ugonjwa huo.

Na jambo jingine. Pindueni baiskeli zenu sasa hivi. Chini ya fremu, pale pedeli zinapopita, mara nyingi kuna namba imegongwa. Iandikeni mahali. Ukienda polisi kuchukua RB ukasema "nyeusi, ina keria", nusu ya baiskeli za Mtwara ni nyeusi zina keria.

Mkazi wa Ligula
Fundi, nimesimama na simu mkononi, sina baiskeli ya kupindua. Namba sikuwahi kuiandika. Miaka sita nimeipanda.

Bi Kikaango
Hayo mabomba na huo uzio mnaweka wapi? Nauliza kwa sababu kila kitu kikija sokoni kinatafuta kivuli, na chenye kivuli ndipo nilipo. Chini ya ule mkungu tuko akina mama watano. Watakuja na futi kamba, watapima, sisi tutaambiwa tusogee juani. Baiskeli haiungui jua. Mihogo yangu na mimi tunaungua.

Aliyesoma Mbali
Dada, maendeleo lazima yaguse watu wachache ili wengi wafaidike.

Bi Kikaango
Wachache ndio nani? Nitajie jina langu kabisa. Nimekaa pale tangu mwanangu wa kwanza yuko mgongoni, sasa yuko kidato cha tatu. Wewe hujui hata mkungu ninaousema ni upi.

Dereva wa Chuno
Hapo niko na mama. Na mkipewa nyie baiskeli uwanja wenye mlinzi, bodaboda nasi tutadai wetu. Bibi wa mihogo atakwenda wapi?

Fundi Geti
Uzio wa nini? Mabomba matano yanashika baiskeli kumi, nafasi yake haizidi ya magari mawili. Yawekwe mbele ya macho ya watu. Mwizi hapendi kusimama na praizi kwenye jua huku watu wanamtazama. Ukizungusha ukuta, akishaingia ndani ndiyo umempa faragha.

Mkazi wa Ligula
Hilo la uzio nakubali, naliondoa. La mlinzi siliondoi. Na kama kuna watu walio pale kuanzia alfajiri mpaka jioni na wanajua nani kaja na nini, sioni kwa nini kazi hiyo na hiyo 200 isiwe yao. Mwalimu, daftari lishikwe na akina mama wa mihogo.

Mwalimu Mstaafu
Hapo naweza kukaa nikasikiliza. Lakini kibati kisiitwe kibati.

Mvukaji
Dada wa mihogo, kesho nakuja na matenga mawili. Nikishapeleka nazi dukani nina kazi ya saa mbili ndani ya soko. Naweza kukuachia?

Bi Kikaango
Njoo. Uiegemeze kwenye mti, benchi mguu mmoja umelegea. Na unapoondoka useme. Mpaka alasiri nipo, baada ya hapo sipo.