Mama ana baridi yabisi, sasa imefika kwenye mapafu. Mazoezi ya kupumua aanzie wapi?

Mwana_Temeke
Wakuu, heshima kwenu. Mama yangu ana baridi yabisi ya miaka mingi, ile ya kuvimba vidole na vifundo vya mikono. Kikaja kikohozi kikavu, akipanda ngazi anahema. Tulianza na TB, makohozi yakawa safi. CT ya kifua ndiyo ikaonyesha makovu kwenye mapafu, na daktari akasema ni ugonjwa uleule wa viungo. Dawa ameanza. Tukaambiwa afanye mazoezi ya kupumua, ila kliniki ilikuwa imejaa na hatukuelekezwa. Nyumbani kila mtu ana lake: kaka anasema apumzike tu, jirani anahimiza nyungu. Mimi naona kadiri anavyolala ndivyo anavyozidi kuchoka. Hata kuoga anakaa katikati. Nisaidieni.

Fizio_Upanga
Pole sana dada, na mfikishie mama pole. Unachokiona wewe ni sahihi. Makovu hayaondoki kwa mazoezi, tusidanganyane. Kinachobadilika ni misuli. Mgonjwa akiogopa kuhema anaacha kutembea, mapaja yanalegea, na misuli iliyolegea hula oksijeni nyingi kwa kazi ndogo. Basi akisimama tu anahema kuliko jana, anarudi kukaa. Hapo ndipo pa kukata.

Mwombeni daktari rufaa ya fiziotherapia, Muhimbili idara hiyo ipo. Utengamao wa mapafu, yaani programu ya mazoezi chini ya mtaalamu, kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 12, mara 2 au 3 kwa wiki, na huanza kwa kupimwa umbali anaotembea kwa dakika 6 huku oksijeni ikiangaliwa. Kiasi cha mazoezi kinatoka kwenye kipimo hicho.

Mkisubiri, mfundishe hili: avute hewa kwa pua taratibu, aitoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Asivute pumzi kubwa sana wala asiibane kifuani. Mapafu yenye makovu ni magumu, pumzi kubwa huamsha kikohozi. Halafu atoe pumzi pale kazi inapokuwa nzito: anapoinuka kitini, anapokanyaga ngazi. Wengi wanabana pumzi hapohapo, ndiyo maana wanafika juu wamekwisha. Akizidiwa, akae, ainame mbele, mikono ikae juu ya mapaja.

Bi_Chanika
Mwanangu, mimi ni mgonjwa wa hayohayo. Weka stuli bafuni na mama aoge amekaa. Nguo akunje amekaa. Kazi nzito asizipange siku moja. Na mtoe kwenye moshi wa mkaa, jiko lihamie nje au mpikieni kwa gesi. Nyungu mimi siitaki kabisa: mvuke haufiki kwenye kovu, na kujifunika blanketi na joto letu hili mtu unakosa hewa hasa.

Kijana_Mbagala
Samahani kuingilia. Shangazi yangu anatumia methotrexate, dawa ya baridi yabisi, kuna mtu kamwambia ndiyo inayoharibu mapafu. Aiache?

Fizio_Upanga
Asiiache mwenyewe, kaka. Ni kweli inaweza kuleta uvimbe wa ghafla kwenye mapafu, lakini ni mara chache. Homa, kikohozi na kuhema vikija ndani ya siku au wiki chache, awahi hospitali na ataje dawa hiyo. Makovu ya polepole ni habari nyingine, tafiti za karibuni hazijaonyesha kwamba methotrexate ndiyo inayoyaleta. Akiiacha, viungo vinaweza kuwaka upya.

Mwana_Temeke
Asanteni sana, shikamoo Bi Chanika. Vidole vya mama havishiki kitu kizito, mikono ataifanyiaje mazoezi? Na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, tununue?

Fizio_Upanga
Asishike chochote. Shona kifuko kidogo cha mchanga, kifunge juu ya kifundo cha mkono, anyanyue mkono. Miguu: kuinuka na kukaa kwenye kiti kisichoyumba, na kutembea. Atembee viungo vikishalainika, kabla jua halijawa kali, au jioni. Anaruhusiwa kuhema, ila aweze kusema sentensi fupi. Siku goti limevimba na lina moto, mguu huo upumzike, mengine yaendelee.

Kipimo nunueni. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 88 akitembea, asimame apumzike, na daktari aambiwe, huenda akahitaji oksijeni ya mazoezi. Akiwa amekaa na bado iko chini hivyo, ni hospitali siku hiyohiyo. Kidole kisiwe na piko wala rangi ya kucha, na kisiwe cha baridi. Jambo jingine linalotuhusu sisi: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha vipimo hivi hukosea zaidi kwa watu weusi, vikisoma juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo mama akisema hewa haitoshi na kipimo kinasema 94, msikilize mama.

Bi_Chanika
Marahaba mwanangu. Ukienda kwa daktari uliza na chanjo ya mafua na ya nimonia, mafua ya kawaida tu hutuangusha sisi.

Mwana_Temeke
Rufaa tunaifuata Jumatatu. Stuli naitafuta leo Tandika.