Mrejesho: kupausha rangi za vitufe kwenye Qt (maktaba ya kuundia madirisha na vitufe vya programu)

Ahsanteni nyote. Niliuliza namna ya kupausha rangi ya kitufe kishale cha kipanya kinapopita juu yake, katika programu ya mauzo ya duka la Darajani.

Amri ya Qt ya kung'arisha rangi, lighter(150), ilifaa kwa kijani, ila nyeusi ilibaki vilevile: inazidisha mng'ao, na sifuri ukiizidisha ni sifuri tu. Ushauri wa kuchanganya na nyeupe ndio uliofanya kazi. Kila namba ya RGB (kiasi cha nyekundu, kijani na buluu, kila kimoja 0 hadi 255) iongeze asilimia 20 ya kilichobaki kufika 255: (0, 100, 60) inakuwa (51, 131, 99), nyeusi inakuwa kijivu cha 51, safi kabisa.

Kwa manjano iliyopaushwa, wekeni maandishi meusi, meupe hayasomeki.

Vitufe vilivyopakwa kwa setStyleSheet (amri ya kuweka mtindo kwa maandishi kama ya CSS) bado havibadiliki, maana mtindo huo huipiku QPalette, yaani seti ya rangi za kawaida za Qt.