Naomba ushauri: binti wa miaka 15, TikTok mpaka alfajiri, sasa hali na haongei (Moshi)

ShangaziRau
Habari za jioni wanajamvi. Mtoto wa kaka yangu, miaka 15, kidato cha pili, anasoma bweni, yuko likizo hapa Rau. Wiki ya tatu sasa hatoki chumbani, chakula anadonoa tu, kwaya aliyokuwa anaipenda ameacha, ukimsemesha anafoka au analia. Kwenye mipangilio ya simu yake nimekuta TikTok saa 5 na dakika 40 kwa siku, nyingi baada ya saa 6 usiku. Juzi baba yake amempokonya simu na hali imezidi, hata kuoga hataki. Ndugu wengine wanasema ni deko, wengine wanasema aombewe. Je, hii ni simu au ni ugonjwa? Arudishiwe simu? Hospitali naanzia wapi? Shule inafunguliwa baada ya wiki mbili.

Nesi_Kiboriloni
Pole dada. Kabla ya simu kuna jambo la leo leo. Kaa naye wawili tu, umuulize waziwazi kama kuna wakati anatamani asiwepo, au amewahi kufikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi mtoto hupumua kuona kuna mtu amethubutu kulitaja. Akikubali, asiachwe peke yake hata dakika moja, apelekwe dharura hospitali ya Mawenzi au KCMC usiku huohuo. Akikataa, bado vidonge vyote vya nyumbani, dawa ya panya na dawa ya kupulizia kahawa vifungiwe kwa kufuli na ufunguo ukae nao mtu mzima. Stoo nyingi za huku hazina kufuli na hilo linanitisha kuliko TikTok.

Sasa ugonjwa. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, huangaliwa kwa dalili 9: huzuni, kukosa hamu ya vitu alivyopenda, kula kubadilika, usingizi kuharibika, mwili kuwa mzito au kuhangaika, uchovu, kujiona hafai, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, na kuwaza kifo. Zikifika 5, karibu kila siku, kwa wiki 2, na mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu, hilo si deko. Kwa vijana hasira ya mara kwa mara inahesabiwa kama huzuni. Katika maelezo yako naona 4 tayari (hasira na kilio, kwaya, chakula, usingizi), na nyingine hujazisema.

Anza Mawenzi, uulizie kliniki ya afya ya akili. KCMC ni hospitali ya kanda, ukiwa na bima beba barua ya rufaa. Omba wapime wingi wa damu, maana binti anayetoka damu nyingi mwezini anaweza kuchoka na kununa kwa upungufu wa damu tu. Wakitaka kupima mimba au tezi ya shingo msione aibu, ni utaratibu. Kuanzia kesho andika kwenye daftari amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi, amekula nini. Daktari atapata mengi humo kuliko kwenye "halali vizuri". Na maombi hayagombani na kliniki, yaende pamoja.

FundiSimu_Mbuyuni
Kwenye simu niachieni. Kupokonya ghafla huwa kunagonga mwamba: anaazima ya rafiki, anafungua akaunti ya pili msiyoijua, na akitukanwa huko hawezi kuwaambia. Mrudishieni kwa masharti. Simu ichajiwe sebuleni, iwekwe pale saa 3 usiku na itoke asubuhi. Ya baba nayo ilale palepale, la sivyo sharti litavunjika ndani ya siku mbili. Akisema anaitumia kuamka, mnunulieni saa ya mezani.

Halafu kagueni mwaka wa kuzaliwa kwenye akaunti zake, hapa ndipo wazazi wengi wanapigwa chenga. TikTok humwekea aliye chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku, na Instagram huzima arifa za kijana kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 1 asubuhi. Lakini kama alijiandikisha kuwa ana miaka 22, ulinzi huo haumhusu. Afungue akaunti mpya yenye umri wa kweli, kisha uiunganishe na yako kwa Family Pairing, iko kwenye mipangilio ya TikTok. Kikomo cha dakika 60 anaweza kukipita kwa namba ya siri yake mwenyewe. Mkiunganisha, namba hiyo inakuwa yako.

Usisome meseji zake kwa siri. Akikugundua umempoteza.

Mwl_Sakina
Naongezea la maudhui, maana saa 5 za mapishi si sawa na saa 5 za wasichana wenye ngozi iliyopitishwa kwenye filta. Programu inahesabu video uliyoiangalia muda mrefu, hata kama ilikuumiza, na inakuletea ndugu zake. Binti akitazama video tatu za kupunguza mwili au za watu wanaolia usiku, wiki nzima ukurasa wake unajaa hizo. Kaa naye kando, si juu ya bega, afute yeye mwenyewe: abonyeze video kwa muda, achague kwamba haimvutii. Ndani ya mipangilio ya TikTok kuna pia sehemu ya kuanza upya mapendekezo yote.

Tusiirushie simu kila kitu lakini. Mwaka 2023 mganga mkuu wa Marekani alionya kwamba vijana wanaopitisha saa 3 kwa siku mitandaoni wana hatari maradufu ya matatizo ya akili, na onyo hilohilo lilikiri kwamba uhusiano huo huenda una pande mbili. Mtoto mwenye huzuni hukimbilia simu, simu inamnyima usingizi, huzuni inaongezeka. Shule ya bweni inakupa kipimo ambacho wa kutwa hawana: kule hakuna simu. Huzuni ikiendelea wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, huenda mzizi uko kwingine.

Muulize pia kama kuna picha yake inazungushwa kwenye magrupu. Kama ipo, hifadhi jina la akaunti, tarehe na saa. Picha za mtoto za utupu usizitume kwa yeyote, hata kama ushahidi. Peleka simu yenyewe Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116 ya msaada kwa watoto ni bure, na yeye mwenyewe anaweza kupiga.

ShangaziRau
Asanteni sana. Nimemuuliza. Kasema hapana, akalia muda mrefu, kisha akaomba uji. Jumatatu tunakwenda Mawenzi. Wakimpa dawa na shule inafunguliwa, inakuwaje?

Nesi_Kiboriloni
Uji ni habari njema. Si wote wanaopewa dawa. Ikiwa hali si kali huanza na mazungumzo ya kila wiki. Wakimwandikia fluoksetini, dawa ya sonona, inachukua wiki 4 hadi 6 kuonekana, na wiki za mwanzo ndizo za kumwangalia zaidi: akihangaika kupita kawaida au akitaja kufa, rudini siku hiyohiyo. Asiache ghafla akijisikia nafuu. Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, msikubali kununua duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Kwa umri wake haisaidii sana, na ikizidi kipimo ni hatari kwa moyo. Shuleni dawa zikae kwa matroni, ampe kimoja kimoja kila asubuhi, na muombe daktari barua ya kumruhusu kutoka tarehe za kliniki. Kama wiki mbili hazitoshi, aombewe ruhusa ya kuchelewa kuripoti.