Greenland na Afrika, Tabora na Rwanda: nawafundishaje ukubwa halisi? Na bendera je?

Mwalimu_Sikonge
Habari zenu wakuu. Nafundisha jiografia sekondari, Sikonge mkoani Tabora. Ukutani tuna ramani ya dunia ya kawaida, ile ambayo Greenland inalingana na Afrika nzima. Kitabu kinasema Greenland ina kilomita za mraba milioni 2.17 hivi, Afrika milioni 30.4, yaani mara kumi na nne. Wanafunzi wanaisoma namba, wanatazama ukuta, na wanauamini ukuta. Linaniuma sana hili. Sitaki mtoto amalize kidato cha nne akidhani bara lake ni kipande tu.

Nikajaribu na vya karibu. Mkoa wetu una kama kilomita za mraba 76,150. Rwanda ni 26,338, Burundi 27,834. Zitie zote mbili ndani ya Tabora, bado kunabaki zaidi ya 20,000. Hapo darasa lilichangamka! Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, kama tunawazidi, mbona wao wana bendera na sisi hatuna? Shangazi yangu yuko Kenya, hata kaunti yao ina bendera." Naomba msaada kwa yote mawili.

MpimaArdhi
Mwalimu, pole na kazi. Hiyo ramani ni ya mchora ramani Mercator, ya mwaka 1569, na aliichora kwa ajili ya mabaharia: ukipiga mstari mnyoofu juu yake, unafuata mwelekeo uleule wa dira mwanzo hadi mwisho. Ili aupate unyoofu huo, ukubwa ukatolewa kafara. Kadiri unavyoiacha ikweta, ndivyo nchi zinavyovimba. Kwenye latitudo 60 kila urefu umekuwa mara mbili, kwa hiyo eneo ni mara nne, na Greenland sehemu kubwa iko juu zaidi ya hapo. Sisi tuko kati ya latitudo 1 na 12 kusini, tunabaki karibu vilevile. Anayeonewa ni wa katikati.

Kama shule ina tufe, chukua nailoni inayoonyesha, itandaze juu ya Greenland, fuatisha mipaka kwa kalamu ya wino mzito, kisha ihamishie Afrika. Wape na namba ya Kongo: kilomita za mraba milioni 2.34. Greenland nzima haifikii nchi moja jirani yetu! Kwa ukutani, tafuta ramani ya Equal Earth, iliyotoka 2018. Inalinda eneo, na maumbo yake hayachukizi macho. Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha Mercator, nami naiunga mkono kwa moyo wote.

Msafiri_wa_Marsabit
Mwalimu, mwambie huyo binti swali lake ni zuri mno. Huku kwetu Kenya katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na tangu 2013 kila moja ina gavana na bunge lake, vyote vya kuchaguliwa na wananchi. Sheria ya serikali za kaunti inazitaka ziwe na bendera, nembo na muhuri. Kwenu mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, mkoa ni mkono wa serikali kuu, kwa hiyo unapeperusha bendera ya taifa. Tazama Zanzibar: haifiki kilomita za mraba 3,000, lakini ina Rais wake na Baraza la Wawakilishi, na tangu 2005 ina bendera yake ya buluu, nyeusi na kijani, yenye ile ya Tanzania pembeni juu.

Mwana_Lubumbashi
Jambo mwalimu. Huku Kongo bendera ya jimbo ni jambo zito. Katanga ya zamani ilikuwa na karibu kilomita za mraba 497,000, kama Hispania hivi. Bendera yake, nyekundu na nyeupe zilizokatwa na mstari wa kijani, ina misalaba mitatu ya shaba, iliyokuwa pesa ya wazee wetu. Ilipandishwa wakati Katanga ilipojitenga na Kongo, 1960 hadi 1963, na watu walikufa. Mpaka leo ukiipeperusha unaulizwa unataka nini. Jimbo lenyewe liligawanywa 2015.

Mwalimu_Sikonge
Asanteni sana, ndugu zangu. Tufe tunalo. Nikiwapa kazi ya kulinganisha Tanzania na nchi za Ulaya, nitumie namba ipi? Naona 947,303 hapa, na 886,000 kule.

MpimaArdhi
Ya kwanza ina maji ndani yake: sehemu zetu za Victoria, Tanganyika na Nyasa. Ya pili ni nchi kavu. Chagua moja, na uitumie kwa pande zote mbili. Kwa ile ya kwanza, ukijumlisha Ufaransa ya Ulaya na Ujerumani bado hazitufikii. Anza na hizo, watafurahi.