Sheria za Pancrase za miaka ya 90: zinafaa kwa klabu ya Mtwara isiyo na glovu?

Kijana wa Chikongola

Wakubwa shikamooni, wenzangu salaam. Naomba mchango wa wanaoifahamu mieleka chotara ya Wajapani (kupiga na kukamatana pamoja) ya shirika la Pancrase, ile ya Funaki, Suzuki, Ken Shamrock na Bas Rutten kabla Pride, mashindano makubwa ya Japani, haijaanza. Hapa Mtwara mjini tuna vijana wa judo na wa karate wanaofanya mazoezi ukumbi mmoja, na sasa wanataka kupimana pande zote mbili: wasimame wapigane, wakianguka waendelee na mieleka. Glovu za vidole wazi hatuna, na kuagiza Dar za kuwatosha wote ni mzigo. Kwenye video za Pancrase za mwaka 1993 mpaka 1996 naona watu wako mikono mitupu, wanapiga kwa viganja, wamevaa viatu, na aliyebanwa akishika kamba anaachiwa. Naomba kujua sheria zilikuwaje hasa, kasoro zake ni zipi, na kipi tuchukue sisi tusio na ulingo. Kufuli za miguu, yaani kukaza kiungo cha mguu mpaka mtu akubali kushindwa, ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi.

Mzee wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Anza na asili yake, maana sheria zile hazikutungwa kwa kubahatisha. Funaki na Suzuki walitoka kwenye mieleka ya kulipwa, upande wa UWF, kampuni ya mieleka ya Japani, ambako pambano lilionekana la kweli kabisa lakini mshindi alikuwa ameshapangwa. UWF ya pili ilipovunjika, mwaka 1991 watu waligawanyika makundi matatu: Takada akawa na UWFi, Maeda akaanzisha RINGS, na Yoshiaki Fujiwara akawa na kundi lake. Funaki na Suzuki walimfuata Fujiwara, kisha wakajitoa na mwaka 1993 wakaanzisha Pancrase. Shabaha yao ilikuwa kuchukua mieleka ileile ya UWF na kuipigana bila kupanga mshindi. Aliyewafundisha kufuli ni Karl Gotch, mtu aliyepikwa kwenye jimu ya Billy Riley kule Wigan, Uingereza. Hata jina Pancrase alilitoa yeye, kutokana na pankration ya Wagiriki wa kale.

Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 21 Septemba 1993, Tokyo Bay NK Hall, wakati UFC ya kwanza, mashindano ya Marekani ya mapigano mchanganyiko, ilikuja tarehe 12 Novemba mwaka huohuo, Denver. Mapambano yote ya usiku ule ukiyajumlisha hayazidi robo saa. Rutten, ambaye alikuwa mpiga mateke hasa na mieleka hajui, alimlaza Ryushi Yanagisawa kwa kiganja ndani ya sekunde 43. Shamrock akamnyonga Funaki, mwenye nyumba, kwa kumbana shingo pamoja na mkono wake mwenyewe. Mpangaji wa mieleka asingekubali kamwe mwenye nyumba apoteze siku ya ufunguzi.

Sasa sheria. Ngumi ya kufumba kichwani ni marufuku, unapiga kwa kiganja. Ngumi ya kufumba mwilini inaruhusiwa. Mateke na magoti wakiwa wamesimama, ruksa. Aliyefungwa kufuli au kabali akigusa kamba anaachiwa, lakini anakatwa pointi, na aliyeangushwa kwa pigo akahesabiwa anakatwa pia. Pointi zilikuwa 3 mpaka 5 kulingana na hadhi ya pambano. Zikiisha, umeshindwa. Mechi ya ubingwa ilifika dakika 30. Hakukuwa na madaraja ya uzito, na hilo msiliige hata kidogo. Kwa klabu, watu wasizidiane zaidi ya kilo 5.

Utaona kwamba kila kipengele kinamsukuma mpiganaji aingie kwenye mieleka. Kiganja hakimalizi kazi upesi kama ngumi, kwa hiyo mtu anathubutu kuingia karibu kukamata. Kamba inampa aliyefungwa nafasi ya pili, kwa hiyo mfungaji naye anathubutu kujaribu kufuli hatari, hata likishindikana. Ukiondoa kimoja, mchezo wote unabadilika sura. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa miaka ya 1990 walipoacha kamba na kuhamia glovu: Pancrase ikaanza kufanana na wengine.

Dada wa Ligula

Nakubaliana na mzee, ila nitoe tahadhari juu ya viganja. Watu wanadhani kiganja ni salama. Ni salama kwa mkono wa mpigaji, si kwa kichwa cha mpigwaji.

Ngumi tupu inavunja mfupa wa mkono unaoshika kidole cha mwisho, hasa mtu akirusha ngumi ya kuzunguka ikagonga fuvu. Tena akigonga meno akachanika juu ya kifundo cha kidole, kidonda hicho kinaoza haraka, ni cha kukimbiza hospitali siku hiyohiyo. Kiganja kinaondoa balaa hizo mbili. Lakini ubongo unatikisika vilevile. Aliyepigwa akayumba, akasahau alipo au akatapika, mazoezi yake yameisha, aende hospitali, na asipigwe tena kichwani mpaka daktari aruhusu.

Namna ya kupiga: kunja kifundo cha mkono kwa nyuma, vidole vielekee juu na vikunjwe nusu kwenye viungio vya kati, pigo litue kwa ile nyama nene ya chini ya kiganja. Kiwiko kiwe nyuma ya pigo moja kwa moja. Kiwiko kikitoka pembeni, kifundo kinajipinda wakati wa kutua na mpigaji ndiye anayeumia. Makosa mengine mawili msiyavumilie. La kwanza ni kiganja kilichokunjwa kama kikombe kutua sikioni: hewa inasukumwa ndani na ngoma ya sikio inapasuka. La pili ni vidole vilivyonyooka, maana macho yako palepale. Mnaojua Vale Tudo Japan ya 1995, mashindano ya mapigano yenye sheria chache, mnakumbuka Yuki Nakai, kijana mdogo wa Shooto (mapigano mchanganyiko ya Kijapani), alivyochomwa jicho na Gerard Gordeau aliyemzidi urefu kwa zaidi ya sentimita 20. Nakai alimshinda kwa kufuli la kisigino, akapigana mechi mbili zaidi usiku uleule mpaka fainali na Mbrazili Rickson Gracie, lakini jicho la kulia halikurudi tena. Kwenu vidole vikinyooka, refa asimamishe hapohapo bila onyo la kwanza wala la pili.

Ushauri wangu kwa miezi ya mwanzo: kiganja kichwani kwa nguvu ndogo, ngumi ya kufumba mwilini kwa nguvu ya wastani, na wakiwa chini msiruhusu pigo lolote. Rutten alimaliza wengi kwa kupiga ini, upande wa kulia chini ya mbavu. Pigo hilo likitua sawasawa mtu anakunjika mwenyewe, na halihitaji glovu.

Mwanamieleka Nachingwea

Suala la miguu niachieni mimi, na wasiwasi wa kijana ni wa haki.

Kufuli la kisigino linafanya kazi hivi: miguu yako miwili inabana paja la mpinzani juu ya goti, wayo wake unakwama chini ya kwapa lako, kisigino chake kinakaa kwenye kifundo cha mkono wako, halafu unageuza kiwiliwili. Kisigino kinazunguka, paja halisogei, kwa hiyo mzunguko wote unaishia gotini. Tatizo ni kwamba maumivu huchelewa. Mkono ukipindwa kiwiko kinapiga kelele mapema na mtu anagonga kuomba aachiwe. Goti likizungushwa unaweza usisikie chochote, ukisikia kano imeshakatika. Na anayeogopa akajiviringisha kinyume cha upande anakozungushwa, anajikata mwenyewe. Aelekee upande uleule wa mzunguko, tena kazi yake ya kwanza ni kuchomoa goti kutoka kwenye mapaja ya mwenzake kabla kisigino hakijashikwa.

Kile kiatu mnachokiona kwenye video kina kazi mbili. Soli inamsaidia mvaaji asiteleze anaposukuma, lakini pia inampa mpinzani mahali pa kushika. Mguu mtupu wenye jasho unachomoka, wenye kiatu hauchomoki. Ndiyo maana Pancrase ilijaa kufuli za miguu. Shamrock alimshinda Rutten kwa kufuli la goti Machi 1995. Mei mwaka huohuo Suzuki akamshinda Shamrock kwa kufuli la goti vilevile na kumvua ubingwa. Rutten baada ya kipigo kile aliweka nguvu zake zote kwenye kujifunza mieleka, Septemba akamnyonga Suzuki na kuchukua taji, na Septemba 1996 akammaliza Funaki kwa magoti. Hakupoteza tena mpaka anastaafu.

Kwa klabu yenu: miguu mitupu, hakuna viatu. Kufuli la kisigino lisiwepo kabisa. Fundisheni kufuli la kifundo la moja kwa moja. Mfupa wa mkono wako, upande wa kidole gumba, unakaa kwenye kano ya nyuma, juu kidogo ya kisigino. Kiwiko kigande kwenye mbavu, magoti yako yabane paja lake, kisha sukuma kiuno juu na kifua kielekee nyuma. Anayeanza hukosea kwa kushika juu mno, kwenye shavu la mguu. Hapo anaminya nyama tu, mpinzani anavumilia na kumpiga.

Jingine: wekeni sheria ya "imeshikwa". Mtu akikamilisha mshiko sawasawa, refa anatamka, mfungaji anaachia bila kukaza, pointi inahesabiwa. Wakaidi watalalamika kwamba wangechomoka. Waacheni walalamike.

Kijana wa Chikongola

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Kamba je? Hatuna ulingo, tuna sakafu ya saruji ya mita 8 kwa 8. Na tandiko tulilonalo ni turubai lililowekwa juu ya magodoro ya zamani.

Fundi wa Lindi

Magodoro yatoe, ndugu yangu. Mguu unazama, mwili unageuka, goti linabaki. Tena yanaachana katikati na mtu anaangukia kwenye ufa.

Huku kwetu njia rahisi ni maranda ya mbao. Tengeneza fremu ya mbao za 2 kwa 4 zilizosimama kwa upana wake, mita 6 kwa 6, ili ibaki mita moja kila upande kabla ya ukuta. Chekecha maranda kwanza, misumari na vipande vya mbao hujificha humo. Jaza mpaka yapite mdomo wa fremu kidogo, shindilia kwa kukanyaga, ongeza, shindilia tena, mpaka kisigino kikipigwa kwa nguvu kisiache shimo. Juu tandaza magunia ya korosho yaliyofumuliwa na kushonwa pamoja. Yanazuia maranda yasihame na kufanya mabonde. Mwisho vuta turubai zito la lori, likaze kwa kamba kupitia matundu ya pembeni, pande zinazotazamana kwanza, ndipo pembe. Mkunjo wowote wa turubai unakamata kidole cha mguu, kwa hiyo kaza upya kila kabla ya mazoezi. Fremu ifunikwe na sponji iliyoshonewa kitambaa, maana mtu atagonga kichwa pale.

Makumbi ya nazi watu hupenda kuyatumia kwa sababu yapo bure. Yakilowa yanakaa na maji, yanaoza na kunuka. Maranda makavu ni bora, ila msimu wa mvua fungueni upande mmoja mkague.

Kamba: chora mstari nusu mita ndani ya ukingo kwa rangi ya mafuta, au shona mkanda wa kitambaa chekundu. Aliyefungwa akigusa mstari kwa mkono au mguu, refa anaita "kamba!" na wakati huohuo anaweka mkono juu ya mikono ya mfungaji. Sauti peke yake haitoshi. Mtu aliyekaza hasikii, na sekunde ile ya kuchelewa ndiyo inayovunja. Wakiachiana wanarudi katikati wamesimama. Kasoro ya utaratibu huu ni watu kupigania pembeni makusudi, mgongo kwenye mstari. Anayerudi nyuma mara mbili bila kupambana, kata pointi.

Mwanamieleka Nachingwea

Fundi amesema vizuri. Niongeze tu la kabali, au roba kama vijana wanavyoiita. Hapo "imeshikwa" itangazwe mapema zaidi, kwa sababu ikibana mishipa ya pande zote mbili za shingo mtu anazimika ndani ya sekunde kumi au pungufu, na wengine hawagongi. Refa ashike mkono wa anayenyongwa na kuutikisa. Ukilegea, aachiwe, alazwe chali, asimwagiwe maji wala kupigwa makofi, na siku hiyo asirudi ulingoni hata akisema yuko sawa.

Dada wa Ligula

Vikinga ugoko vya mpira wa miguu vya plastiki ngumu msivitumie, kingo zake zinachana. Kateni sponji ya unene wa sentimita 2, mpeleke kwa fundi viatu aivike turubai jembamba na kushona mikanda ya mpira wa tyubu mbili, mmoja chini ya goti na mmoja juu ya kifundo. Fundo likae nyuma, si ubavuni.

Na turubai lipigwe deki kwa maji ya klorini kila baada ya mazoezi, lianikwe likauke kabla ya kufunikwa. Choa na majipu huambukizana haraka kwa watu wanaogusana ngozi. Mwenye kidonda kibichi au mabaka ya mviringo abaki pembeni ahesabu pointi: vizibo vitano vya soda mezani kwa kila mpiganaji, kila "kamba" kimoja kinaondolewa, na kila mtu ukumbini anaona.