Tupeane uzoefu: mapezi ya injini ya baiskeli, kutoboa au kuacha?

Fundi wa Kongowea: Kuna vijana wanatoboa mapezi (yale mabamba membamba ya kupozea) ya hedi, yaani kichwa cha silinda, kwenye injini hizi za stroki mbili za kufunga kwenye baiskeli, eti upepo upite. Chukueni kalipa mupime kwanza. Pezi likiwa na unene wa milimita 2, tundu la milimita 4 linatoa eneo sawasawa na linaloongeza kwenye kuta za tundu. Likizidi hapo, sehemu ya kupoza imepungua, na joto limekatiwa njia ya kufika kwenye ncha. Aliyeona matokeo aseme.

Mwana Likoni: Kweli kabisa. Na hedi haifufuki ikishatobolewa.

Kibokoni Spea: Matokeo ni haya. Hedi yenye matundu ya milimita 8, baiskeli imepakia mitungi ya maji, inapanda Changamwe kutoka Kibarani hapa Mombasa, upepo uko mgongoni. Mwendo wa polepole, akseli imevutwa yote: joto jingi, hewa kidogo. Injini ikaanza kugonga kama misumari ndani ya kopo, nguvu zikashuka, kisha ikajifunga na tairi la nyuma likaburuta kwenye lami katikati ya matrela! Ilipofunguliwa, aluminiamu ya pistoni imepakwa ukutani upande wa ekzosi, ringi imenata ndani ya mfereji wake. Ukisikia kule kugonga, vuta klachi papo hapo, zima, ngoja ipoe yenyewe. Usimwage maji, hedi itapinda.

Mwana Likoni: Subhanallah. Katikati ya matrela?

Jeti Kubwa: Msiyasingizie mapezi peke yake. Alama upande wa ekzosi mara nyingi ni petroli haitoshi. Plagi ilikuwa na rangi gani? Nyeupe, basi weka jeti kubwa zaidi, ile yenye tundu la kupitisha petroli kwenye kabureta. Kahawia, iko sawa. Tena paka maji ya sabuni kwenye gasketi ya kabureta injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo.

Bi Saumu wa Magongo: Ongezeni mafuta ya kulainisha tu, mililita 50 kwa lita ya petroli.

Jeti Kubwa: La, dada. Jeti ni ile ile. Mafuta yakizidi, petroli inayopita inapungua na mchanganyiko unakauka zaidi. Mililita 40 yatosha injini ikishazoea.

Bi Saumu wa Magongo: Mpya je? Mpya yataka mafuta mengi, hilo usilipinge.

Jeti Kubwa: Mpya sawa, lakini jeti ifuatane nayo.

Kibokoni Spea: Vile vibati vya kubana juu ya mapezi navyo ni pesa bure. Pakibaki mwanya mwembamba tu, joto halivuki. Nunua hedi yenye mapezi marefu, yaliyoachana vizuri. Yakisongamana, hewa moto inakwama katikati. Kabla ya kufunga, laza msasa namba 400 juu ya kioo, sugua uso wa hedi kwa mzunguko wa namba nane mpaka wote ung'ae sawa. Nati kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, na uzirudie injini ikishawaka na kupoa.

Mwana Likoni: Na rangi?

Fundi wa Kongowea: Nyeusi ya kuhimili moto, mkono mmoja mwepesi. Rangi nene ni blanketi. Sisi wa pwani adui wetu ni chumvi: ule unga mweupe kati ya mapezi utoe kwa mswaki mgumu na maji baridi ya sabuni, injini ikiwa imepoa.