Miradi ya mazingira chuoni: tuanze na upi, na utadumuje tukihitimu?

Mwanachuo
Habari zenu nyote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, na pamoja na wenzangu tunakusudia kuanzisha miradi ya vitendo ya kutunza mazingira, ambayo wanafunzi, wafanyakazi na majirani wa chuo watashiriki kwa mikono yao wenyewe. Tumefikiria bustani ya mboga, kitalu cha miche, uvunaji wa maji ya mvua na utengenezaji wa mboji kutokana na mabaki ya bwaloni. Hofu yangu ni kwamba miradi ya namna hii huchangamka muhula mmoja, kisha waanzilishi wakihitimu hubaki kibao tu. Tuanze na upi, na tuuwekee msingi gani?

Mtunza Bustani
Ndugu Mwanachuo, anzeni na mboji, kwa sababu malighafi yake hupatikana kila siku bila kununuliwa, na bustani na kitalu vyote vitaihitaji baadaye. Kwanza ombeni ruhusa ya kupima kwa mizani mabaki ya wiki nzima, mkitenganisha maganda ya jikoni na chakula kilichoachwa kwenye sahani. Vipimo hivyo vitawaonyesha ukubwa wa lundo na vitawapa hoja mbele ya uongozi. Kisha changanyeni mabaki mabichi na majani makavu au maranda, makavu yakiwa mara mbili au tatu kwa ujazo, kwa kuwa vijidudu vinavyoozesha hufanya kazi vizuri penye sehemu 25 hadi 30 za kaboni, iliyo nyingi katika makavu, kwa sehemu 1 ya nitrojeni, iliyo nyingi zaidi katika mabichi. Lundo lenye kimo na upana wa mita 1 hivi huweza kufikia nyuzi 55 za Selsiasi na zaidi, joto ambalo likidumu siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu. Likitoa uvundo, limelowa mno au limekosa hewa: lipindueni na kuongeza majani makavu. Ukikamua konzi moja, yatoke matone machache tu.

Mhadhiri Mlezi
Naafiki, ila swali la kudumu ndilo zito zaidi. Ni nani atakayepindua lundo wakati wa likizo ndefu? Wapishi na watunza bustani hukaa chuoni miaka mingi kuliko mwanafunzi yeyote, kwa hiyo washirikisheni tangu kikao cha kwanza, na uombeni uongozi uiingize kazi hiyo katika majukumu yao na kuilipia. Kumwongezea mfanyakazi mzigo kimyakimya kwa jina la mazingira ni dhuluma. Chunguzeni pia kama chuo chenu kilitia saini Azimio la Talloires, lililotolewa nchini Ufaransa mwaka 1990, ambamo wakuu wa vyuo vikuu waliahidi hatua 10, zikiwemo kupunguza taka na kuhifadhi rasilimali katika vyuo vyao. Kama kilitia saini, mtakuwa mnajadili utekelezaji wa ahadi, wala hamtakuwa mnaomba hisani.

Mwanachuo
Nashukuru sana. Tutamwona msimamizi wa bwalo kabla ya kuandika barua yoyote. Je, chakula kilichopikwa nacho kiingie kwenye lundo?

Mtunza Bustani
Kiingie kidogo kidogo, kifukiwe katikati na kufunikwa vizuri kwa majani makavu. Nyama, samaki na mafuta viacheni, maana huvuta panya.